Waya Nilioung'oa Siku ya Ijumaa

Mahabibo, Mahajanga
Alasiri

Mwanangu Echati,

Amani ya Mungu iwe juu yako, na ikutangulie huko uendako kabla hujafungua begi. Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako wa mtaani, na najua hawatakuachia mpaka wakushibishe mikate ya mokari na machozi. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Nimefunga madirisha kwa ajili ya joto, mtaa mzima umelala, nami nimekaa kwenye meza yako, pale unapoweka kompyuta, naandika kwa kalamu kama mtoto wa shule.

Sitakuambia uvae vizuri. Sitakuambia ule, ulale, uswali, upige simu. Hayo unaambiwa saa hizi na shangazi wanne kwa mpigo, na kesho kituoni nitayarudia mwenyewe nikikosa la kusema. Hapa nataka kukuambia jambo moja ambalo limenishinda kwa mdomo miaka miwili, ingawa kila ulipokuja likizo tulikula sahani moja.

Utajiuliza kwa nini Kiswahili. Nyumbani tunasema Kimalagasi, tukikasirika tunapanda Kifaransa, na shangazi zako wakitaka kusengenya wanahamia Kingazidja. Lakini babu yako aliandika barua zake zote kwa Kiswahili, hata kwa watu ambao ana kwa ana hakuwahi kusema nao neno moja la lugha hiyo. Alinifunza mimi na Madi kwa fimbo, nami nikakufunza wewe kwa peremende. Kwangu hii ndiyo lugha ya mambo yasiyosemeka sebuleni.

Jambo lenyewe linamhusu Madi. Ndiyo, baba yako mdogo. Jina lake halijatajwa nyumbani kwetu tangu ulipokuwa na miaka tisa, na aliyelifuta ni mimi.

Unalikumbuka duka letu la intaneti pale Andoany, kisiwani Nosy Be? Chumba kimoja, kompyuta sita, feni moja iliyokuwa ikimpepea kila mtu isipokuwa mteja. Mimi nilikuwa bosi, yaani kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kuonekana. Aliyezijua mashine ni Madi. Nilimzidi miaka kumi na miwili, na tangu baba yetu afariki nilimlea mimi, kwa hiyo niliona nina haki ya kumkatiza kila alipofungua mdomo. Jioni, wateja wakipungua, alikupakata mbele ya mashine namba moja, akakuwekea vidole juu ya kibodi, kila kidole na herufi zake. Watu wanaposifu kasi yako ya kuandika, nawaacha waamini kwamba ulizaliwa nayo.

Siku moja alinijia mlangoni. "Zoky," alisema, maana hivyo ndivyo alivyoniita, kaka mkubwa, "vivinjari vyetu vimezeeka. Vina matundu. Mtu anaweza kuingia kwenye mashine kupitia ukurasa tu, mteja ameufungua, hajabonyeza chochote. Tuziache mashine zishushe masasisho."

Nikamwuliza itachukua muda gani.

"Kwa laini hii, dakika ishirini kila mashine. Pengine zaidi."

Nikamwuliza wakati huo wateja wakae wapi, mapajani mwangu? Wateja waliokuwepo wakacheka. Laini ile tuliilipia kwa dakika, na ilikuwa nyembamba kiasi kwamba picha moja ya harusi ilitosha kuikaba. Nikampiga marufuku kuzigusa.

Basi akabuni njia yake. Ijumaa tulikuwa tunafunga kabla ya adhuhuri mpaka alasiri, sote tunakwenda msikitini. Ijumaa moja Madi alibaki. Alijifungia ndani, akaziwasha mashine, akaanza kuzisasisha moja baada ya nyingine. Mimi msikitini nilimtafuta kwa macho kwenye safu, sikumwona. Baada ya sala, watu wanapeana mikono, mzee mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, "Mdogo wako mgonjwa?" Aibu ikanipanda kichwani. Nilirudi dukani kwa miguu ya haraka, nikafungua, nikakuta taa za modemu zinametameta, hakuna mteja hata mmoja, na dakika zangu zinaliwa.

"Subiri kidogo, Zoky, niko kwenye ya nne," alisema.

Sikusubiri. Niliushika waya ukutani nikaung'oa. Nilimwambia kwamba mtu anayeikosa Ijumaa kwa ajili ya mashine hana la kunieleza, na nilisema kwa sauti ya kusikika barabarani, kwa sababu nilitaka wale wa msikitini wajue kwamba nimemkanya. Wakajua. Kufika jioni Andoany nzima ilikuwa na habari kwamba Madi alikosa sala, akajifungia peke yake na mashine za watu.

Wiki tatu baadaye alikuja Soa. Huyu alikuwa mfanyakazi wa hoteli kule Ambondrona, dada mpole, kila Jumatano alichukua mashine namba nne karibu na dirisha, akamwandikia mchumba wake aliyekuwa Réunion. Siku hiyo aliingia analia. Mtu alikuwa ameingia kwenye barua pepe zake. Alizisoma, akajifunza namna Soa anavyomwita mchumba wake, kisha akaandika kwa jina lake kuomba pesa za matibabu ya ugonjwa ambao Soa hakuwa nao. Mchumba akatuma, akaja kugundua kwamba ni uongo, akavunja uchumba kwa mistari miwili. Soa alikuwa ameichapisha ile mistari. Aliniwekea karatasi mkononi.

"Neno langu la siri sijamwambia mtu," alisema. "Nimeliandika hapa tu. Kwenye duka lako."

Hukumu yangu haikuchukua muda. Nani alijifungia na mashine? Nilimwita Madi, nikamwuliza mbele ya Soa na mbele ya marehemu mama yako alikuwa anafanya nini humo ndani Ijumaa ile. Akasema, "Unajua nilichokuwa nafanya. Wewe ndiye uliyeng'oa waya."

Nami nikajibu, "Mimi sijui mambo ya mashine."

Hilo ndilo kosa, Echati. Kung'oa waya kulikuwa ujinga, na ujinga ninao mwingi. Lakini nilijua. Alikuwa ameniambia kwa maneno mepesi, mlangoni pangu, na mimi nikamfanyia mzaha. Ningekiri pale kwamba alitaka kuziba matundu na mimi nikakataa, jicho la Soa lingenigeukia mimi. Nikachagua limwangukie yeye.

Aliondoka kwa boti ya asubuhi ya kwenda Antsahampano, bara. Ulikuwa gatini umenishika mkono. Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimekuambia kwamba baba mdogo ni mwizi, kwamba anasoma barua za watu. Madi alichuchumaa mbele yako akakunyooshea mikono. Wewe uligeuza uso, ukauficha kwenye shati langu. Alikaa vile kwa muda, mikono imenyooka, kisha akasimama akapanda boti. Nakuambia ukweli mchungu: wakati ule nilijisikia nimeshinda.

Sijui kama unaikumbuka asubuhi hiyo. Sijathubutu kukuuliza.

Yaliyofuata unayajua. Watu walianza kubeba intaneti mifukoni, duka likafa, mama yako naye akatutoka, nikakuleta hapa Mahajanga. Mashine tano niliziuza. Kasha la namba nne halikupata mnunuzi, nikaja nalo, nikaliweka chini ya feni liwe stuli. Baadaye nikasikia kwa watu wa feri kwamba Madi yuko Katsepy, anatengeneza simu na sola. Katsepy! Ng'ambo ya ghuba tu. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikitembea ufukweni jioni na kuitazama ile feri ikienda na kurudi. Najua saa zake kuliko nahodha. Sikuwahi kukata tiketi.

Kisha ukaja likizo ile ya mwaka juzi. Ulisema unataka mashine ya zamani ya kuchezea, ukaitoa feni juu ya lile kasha, ukaketi sakafuni na bisibisi. Nilikuwa nakumenyea maembe. Ulitoa diski, ukaichomeka kwenye kompyuta yako, na baada ya muda ukapiga mluzi.

"Baba, hii mashine iliingiliwa. Kuna programu humu ilikuwa inaandika kila kinachobonyezwa, inatuma nje."

Nikakuuliza nani aliiweka, kwa sababu nilitaka bado useme jina la mtu.

"Hakuna aliyeiweka kwa mkono. Imeingia kupitia kivinjari."

Nikasema sielewi. Ukaniita nikae chini karibu nawe, ukanieleza kwa subira ambayo hukuirithi kwangu. Ulisema kivinjari kikifungua ukurasa kinaomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, tuseme chumba, kiweke picha au kitufe. Kikimaliza, kinakirudisha chumba, na chumba kinaweza kupewa kitu kingine. Lakini waandishi wa programu ni watu, wanasahau. Mahali fulani ndani ya kivinjari inabaki karatasi yenye anwani ya chumba kile cha zamani. Mwovu anatengeneza ukurasa kwa makusudi, anahakikisha kwamba atakayepewa chumba ni yeye, anaweka mle maagizo yake. Halafu kivinjari kinarudi na karatasi yake ya zamani, kinabisha kwenye anwani ileile, kinakuta maagizo, na kinayatii. Kinaamini kinaongea na kitu chake.

"Hakuna mlango uliovunjwa," ulisema. "Ndiyo maana hakuna aliyeona kitu."

Nikasema, "Sanduku la babu yako," na ukacheka ukidhani nimechanganyikiwa. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka ule wa mauaji ambao Mahajanga haikututaka, sisi wenye asili ya Ngazidja. Wengi walipelekwa visiwani Komoro kwa ndege na kwa meli. Baba alitupeleka Nosy Be, safari ya siku tatu, mimi na mama, na Madi hajazaliwa. Aliacha nyumba, aliacha duka, na aliliacha sanduku la posta bila kumwambia mtu. Posta wakalitoa kwa mwingine, kihalali kabisa, na ufunguo wakampa. Shangazi yake baba, kule Moroni, hakuwa na habari. Akaendelea kuandika kwenye namba ileile. Na yule mtu akamjibu, kwa jina la baba.

Karibu mwaka mzima waliandikiana. Bibi wa watu alimweleza nani anaumwa, binti gani anaposwa na nani, hati za shamba zimefichwa wapi. Alimtumia kofia aliyoishona kwa mkono miezi minane, nakshi nyeupe juu ya nyeupe, zawadi ya baba kwa kunusurika. Mambo yalipogunduliwa, shamba limeshakwenda, baba hakulia kwa ajili ya shamba. Alilia kwa ajili ya ile kofia, kwamba iko kichwani kwa mtu asiyemjua. Na kwa miaka mingi akamlaumu mpwa mmoja kule Moroni, aliyezipeleka barua posta, eti ndiye aliyewauza. Mpwa hakuwa amefanya kitu isipokuwa kununua stempu.

Unaona nilivyoelewa haraka. Nililielewa tundu lako la kivinjari kuliko mtu yeyote aliyesomea. Na niliyaelewa yote mawili kwa pamoja, la baba na la kwangu, nimekaa sakafuni na kisu cha maembe mkononi.

Bado ulikuwa unasoma kwenye skrini. Mashine, ulisema, huandika daftari lake la kila ilichofanya. "Angalia, Baba. Sasisho la kuliziba tundu hilihili lilianza kushuka. Ijumaa, mchana. Likakatika katikati." Ukacheka. "Nani mjinga aliyeng'oa waya hapa?"

Nikainuka nikaenda kuchemsha chai. Unakumbuka kwamba nilichemsha chai jua likiwaka, saa nane mchana? Ulinitania kwa hilo wiki nzima.

Tangu siku hiyo nina miaka miwili ya ukimya ambayo siwezi kumsingizia mtu. Ile ya kwanza kumi na minne niliishi na uongo niliouzoea, umeota nyasi. Hii miwili nimeishi nikijua, kila siku. Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja, Echati. Sikuwa nakuambia kwenye simu, nilikuwa nasema niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa naweka sahani mbili, kisha naondoa moja. Nilikuwa naliangalia lile kasha chini ya feni kana kwamba lina macho. Na nilijua kwamba kuna mtu mmoja tu duniani aliyenijua tangu nina nywele, na anakaa ng'ambo ya maji, na mimi ndiye niliyemfukuza.

Kilichonisukuma ni wewe tena. Mwezi uliopita, ulipopata barua ya kazi, ulinieleza utakavyofanya huko. Mtakuwa mnakirushia kivinjari kurasa mbovu maelfu kwa maelfu mpaka kianguke, halafu mnatafuta kwa nini kimeanguka. Nikakuuliza, ukipata tundu unafanya nini? Ukasema unawaambia wenye kivinjari kimya kimya, unawapa muda, mara nyingi miezi mitatu, walizibe. Muda ukipita, linatangazwa, limezibwa au halikuzibwa. Nikasema huo ni ukatili. Ukajibu, "Baba, wakati sisi tumenyamaza kuna watu wanaumizwa." Kisha ukaendelea kula.

Jumatano hii nilikata tiketi ya feri.

Kibanda cha Madi kiko karibu na gati, mabati matatu na meza. Alikuwa anachoma waya za sola ya mtu, na hakuinua macho mpaka alipomaliza. Ana mvi nyingi kuliko mimi, hilo lilinikera kidogo. Akasema, "Karibu, Zoky," kama vile nilitoka jana, akanisukumia kiti. Nikamweleza yote, la diski, la daftari la mashine, la sasisho lililokatika. Nikamwambia kwamba nilijua tangu siku ile ya Soa.

"Ya nne," alisema. "Tatu za kwanza zilikuwa zimemaliza. Nimekuwa nikijiambia miaka yote, lazima ilikuwa ya nne."

Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyoyafanyia mazoezi njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Echati anajua?"

Nikasema hapana.

"Basi umekuja kuupumzisha moyo wako tu. Wewe hukunigeuzia uso, Zoky. Wewe ulinitazama usoni ukasema uongo, na kwa hilo nilishakuzoea. Aliyenigeuzia uso ni mtoto. Nenda kamwambie mtoto kwanza."

Nikamwambia siku utakayoondoka, na kwamba unakwenda kufanya kazi hiihii, ya kutafuta matundu kwenye vivinjari. Mkono wake ukasimama juu ya meza. Akauliza gari linaondoka saa ngapi. Nikasema saa kumi alasiri. Akaichukua bisibisi, akarudi kwenye sola ya mteja. Nilirudi na feri ya mwisho. Sikulia mpaka nilipofika hapa na kukuta umenipikia.

Sina ushauri mkubwa wa kukupa. Nikikuambia uwe mkweli utacheka, na una haki. Nitakuambia tu nilichokiona kwangu: siku ile dukani uongo wangu ulikuwa na maneno matano, na ningeweza kuurudisha jioni ileile, kwa aibu ya siku mbili tatu. Kesho yake ulikuwa mzito kidogo. Baada ya mwezi nilikuwa nauita ukweli. Huko utakosea, mbele ya watu wanaojua kuliko wewe. Ukikosea, sema jioni ileile.

Barua hii nitaiweka juu ya kompyuta yako, kwa sababu najua ndicho kitu cha mwisho utakachofunga. Feri ya kwanza kutoka Katsepy hufika kabla ya saa tatu asubuhi. Hakuahidi kuja. Asipokuja ni haki yake, na namba yake ya simu nimeiandika kwenye karatasi nyingine humu ndani ya bahasha. Akija, atakuwa amesimama ng'ambo ya barabara ya kituo, maana Madi hasogei asipoitwa, hajawahi. Usimtafute yule kijana wa Andoany mwenye nywele nyingi. Tafuta mzee mwembamba mwenye mvi, anayekutazama vidole.

Mimi nitakuwa nyuma yako nimeshika begi. Safari hii usijifiche kwenye shati langu.

Baba yako